Ameacha Watoto Wanne: Ukimwi katika Tamthiliya na katika Mimbari Yetu

Kila mchungaji aliyehudumu Kagera anaujua wasifu wa marehemu. Huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, juu ya karatasi ya daftari, na ndugu mwenye mwandiko mzuri. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, akafanya kazi mahali fulani. Kisha akaanza kuugua. Alitibiwa hospitali hii na ile, na baada ya kuugua kwa muda mrefu akalala katika Bwana. Ameacha mjane na watoto wanne. Hapo msomaji hukunja karatasi, nasi tunasimama kuhubiri.

Tumeusikia wasifu huo mara nyingi kiasi kwamba hatuusikii tena. Katika makala hii tunataka kuusikiliza upya, na kuuweka kando ya maandishi mengine mawili ambayo Watanzania wengi waliyasoma shuleni: tamthiliya ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation, na tamthiliya ya Orodha, ya Steve Reynolds. Mawili hayo ni ya jukwaani na moja ni la kaburini, lakini yote matatu yanasimulia Ukimwi kwa watu waliokusanyika. Swali letu kwa yote ni moja: mtoto anayebaki yuko wapi katika masimulizi haya? Na baada ya hapo tutajiuliza sisi wahubiri kama tumefanya vizuri kuliko waandishi.

Ugonjwa wa rika letu

Sisi tuliozaliwa Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni rika moja na ugonjwa huu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu, wakati watu walikuwa bado wanajikusanya baada ya vita vya 1978 na 1979. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitabibu, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilichovuka mpaka kutoka Uganda. Jina hilo tayari lilikuwa hukumu. Lilisema kwamba ugonjwa ni wa wapenda anasa na wafanya magendo, si wa watu wa usharika.

Mwaka 1987 watafiti walipopima damu za watu wazima katika mji wa Bukoba, walikuta asilimia 24.2 wana virusi. Kufikia mwaka 1996 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3. Takwimu hizo zinaeleza mambo mengi, lakini hazielezi darasa la shule ya msingi ambalo kila muhula kuna mtoto anayenyolewa nywele kwa msiba. Hazielezi kibanja kilichojaa magugu kwa sababu aliyekipalilia amezikwa ndani yake.

Kuna utafiti mwingine unaomkaribia mtoto zaidi. Kuanzia mwaka 1991 kaya nyingi za Kagera zilifuatiliwa, na miaka zaidi ya 10 baadaye watoto walewale walitafutwa tena wakiwa watu wazima. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walionekana kuwa wafupi kwa karibu sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na kusoma pungufu kwa karibu mwaka 1. Msiba uliandikwa katika mifupa yao. Wasifu uliposema "ameacha watoto wanne" ulikuwa unataja kazi ya miaka 20 ijayo, nasi tuliisoma kama sentensi ya kumalizia.

Kilio ambacho jukwaa lilikisikia

Tuanze kwa haki: Kilio Chetu ilisema mambo ambayo mimbari yetu haikuyasema. Kisa chake ni cha vijana wadogo, Joti na Suzi, wanaoingia katika mapenzi bila mwongozo. Mama Suzi anaamini kwamba kumfundisha mtoto habari za kujamiiana ni kumharibu. Baba Anna anaamini kwamba kunyamaza ndiko kunakomharibu. Matokeo tunayajua: Joti anaangamia kwa Ukimwi, na Suzi anabaki na mimba. Kilio cha jina la tamthiliya ni kilio cha vijana wanaowauliza wazazi kwa nini waliwaficha.

Wengi wetu tukiisoma Kilio Chetu tulimcheka Mama Suzi. Tulipaswa kujicheka wenyewe, maana hoja yake aliitoa kanisani. Katika miaka ile darasa la kipaimara lilipofika Amri ya Sita, mwalimu aliisoma, akaisomesha kwa moyo pamoja na maelezo yake katika Katekisimu Ndogo, akahamia ya Saba. Tamthiliya ilithubutu kuingia pale ambapo sisi tuliruka, na kwa hilo inastahili heshima.

Lakini tazameni inapoishia. Suzi ana mimba. Ndani ya tumbo lake kuna mtu ambaye hakufanya chochote kati ya yale tamthiliya inayoonya. Baba yake ni Joti, mama yake ni mwanafunzi ambaye huenda naye ana virusi, na bibi yake ni Mama Suzi, mwanamke aliyeogopa kutaja jambo kwa jina lake. Mtoto huyo atazaliwa. Atanyonya au hatanyonya. Atalelewa na bibi huyo, na siku moja atamwuliza baba yangu alikuwa nani na alikufa kwa nini. Mchezo unafungwa kabla hajazaliwa.

Tunaelewa sababu. Tamthiliya hii iliandikwa kukinga, na maandishi ya kukinga huhitaji kifo mwishoni ili msomaji aogope. Mtoto wa Suzi, kwa shabaha hiyo, ni sehemu ya onyo: tazama, na mimba juu yake. Hapo ndipo uhakiki wetu unapogusa. Mtu akitumika kama onyo kwa wengine, hakuna anayemwuliza yeye mwenyewe anahitaji nini. Watoto wengi wa Kagera waliishi hivyo. Wakipita njiani, wazazi waliwaonyesha watoto wao.

Orodha na woga wa waliobaki

Orodha inakwenda hatua moja mbele, kwa sababu inaanzia pale ambapo wasifu wetu unasomwa, yaani mazishini. Msichana Furaha amekufa kwa Ukimwi na ameacha waraka anaotaka usomwe siku ya kuzikwa kwake. Wanaume wanahangaika, kila mmoja akiamini jina lake limo. Waraka unapofunguliwa, orodha si ya majina ya watu bali ya mambo ambayo, kama angeyapata kwa wakati, yangeweza kumwokoa.

Kwa mchungaji, sehemu hii haisahauliki. Kwanza, marehemu ndiye aliyeandika wasifu wake. Hakuwaachia wengine waseme aliugua kwa muda mrefu. Pili, kijiji kizima kilitegemea kushtakiwa, kikaletewa mafundisho. Walioogopa hukumu walipewa nafasi ya kutubu. Hatujui mahubiri mengi ya mazishi yaliyofanikiwa hivyo. Mara nyingi sisi tulifanya kinyume chake: tulichukua andiko la Warumi kuhusu mshahara wa dhambi, tukalisoma juu ya jeneza, na jina la mwenye dhambi lilikuwa moja tu, lile lililoandikwa msalabani.

Hata hivyo, nayo Orodha inaelekeza macho nyuma. Inauliza nini kingemwokoa aliyekufa. Ni swali la lazima, lakini si swali la mtoto aliyekaa chini ya mgomba huku watu wakila chakula cha msiba. Yeye anauliza jioni hii atalala wapi, ada italipwa na nani, na kama baba mdogo anayepima kibanja kwa macho atawaacha yeye na mama yake waendelee kuishi pale. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri lililotoka mkoani kwetu, ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanaume. Lakini hukumu ya mahakama haifiki matangani yenyewe. Lazima apatikane mtu wa kuitamka pale, na mara nyingi mtu mwenye vazi la heshima aliyekuwepo pale alikuwa mchungaji, naye alikuwa ameshapanda pikipiki kurudi nyumbani.

Nani alitenda dhambi?

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wanamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyo au wazazi wake. Tumelihubiri andiko hili mara nyingi kuhusu Ukimwi, na karibu kila mara tumeishia pale Yesu anapokataa swali. Hiyo ni Injili kweli. Lakini sura ina mistari 41, na wazazi wanarudi katikati yake.

Wanaitwa mbele ya wakuu na kuulizwa habari za mwana wao. Wanakubali kwamba ni mwana wao na kwamba alizaliwa kipofu. Zaidi ya hapo wanasema hawajui, aulizwe mwenyewe, ni mtu mzima. Mwinjilisti anatuambia sababu: waliogopa kutengwa na sinagogi. Wazazi wale hawakukosa upendo. Waliogopa jumuiya yao ya ibada, na kwa woga huo wakamwachia mtoto wao asimame peke yake na kujibu.

Hapa andiko linatugeukia. Kwa miaka mingi tumelaumu familia kwa kuficha. Tunapenda methali isemayo kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini Yohana anauliza: wanamficha nani? Wanatuficha sisi. Ni usharika uliomfanya mzazi aogope kusema. Usharika uliowatenga watu wasishiriki Meza ya Bwana, uliobadilisha kiti ibadani, ulionong'ona mtu alipokonda, hauwezi kushangaa kwamba mtoto anaambiwa dawa anazomeza kila siku ni za pumu.

Swali la darasa la kipaimara

Mfano huu si wa kubuni jukwaani. Ni kosa letu wenyewe, na tumeondoa yale yanayoweza kumtambulisha mtoto.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukifundisha kipaimara katika usharika mmoja karibu na chuo. Tulifika Amri ya Nne. Kijana wa miaka 14, anayelelewa na bibi yake, akanyosha mkono akauliza: "Mchungaji, kama mzazi amekupa ugonjwa, bado unamheshimu?" Darasa likanyamaza. Tulijibu kwa yale tuliyojifunza. Tulisema kwamba katika Katekisimu Kubwa Luther anafundisha kuwaheshimu wazazi hata wakiwa maskini, dhaifu na wa tabia ngumu, kwa sababu Mungu ndiye aliyetupa wazazi hao. Tulisema amri haina masharti. Jibu lilikuwa sahihi. Jumapili mbili zilizofuata hakuja.

Bibi yake alikuja. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Baba Mchungaji, mjukuu wangu hakukuuliza habari ya amri. Alitaka kujua kama baba yake alimpenda."

Ndipo tulipojua mengine. Kijana alizaliwa na virusi. Kliniki ilikuwa imemweleza ukweli miezi michache kabla, baada ya miaka mingi ya kuambiwa ana pumu. Na kuna jambo ambalo hakuwahi kuambiwa na mtu. Baba yake alipopimwa na kujijua, siku ileile alirudi nyumbani kumchukua mwanawe wa miaka 3, akambeba hadi hospitali apimwe naye. Serikali ilikuwa imeanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, na kwa kupelekwa mapema mtoto aliwahi. Baba alikuwa amechelewa. Alikufa mwaka uliofuata.

"Kwa nini hukumwambia?" tulimwuliza.

"Ningemwambiaje baba yake alimpeleka wapi, bila kusema ni kwa ugonjwa gani?"

Hatukuwa na la kujibu, kwa sababu tulikumbuka. Mazishi ya baba yule tuliyaongoza sisi, tukiwa tumebarikiwa uchungaji karibuni. Tulisimama pale wasifu uliposomwa. Aliugua kwa muda mrefu. Ameacha mtoto mmoja. Tulihubiri juu ya kukesha, maana hatuijui siku wala saa. Katika karatasi ile, na katika mahubiri yetu, hapakuwa na nafasi ya kusema kwamba mtu huyu alimbeba mwanawe mgongoni akamwokoa. Tulidhani ukimya unaficha aibu ya marehemu. Kumbe ulificha pia wema wake, na mtoto ndiye aliyenyimwa.

Bibi alimweleza mjukuu wake jioni ileile. Nasi tulimwomba radhi mbele ya darasa, si kwa habari za ugonjwa, ambazo ni zake, bali kwa kumjibu swali ambalo hakuuliza. Alirudi, na alipata kipaimara pamoja na wenzake.

Mteolojia wa msalaba mazishini

Mwaka 1518 kule Heidelberg, Luther alitofautisha mteolojia wa utukufu na mteolojia wa msalaba. Wa kwanza huita ubaya wema na wema ubaya. Wa pili hukiita kitu kile kilicho. Tunawafundisha wanafunzi wetu tofauti hiyo nao wanaijibu vizuri katika mtihani. Mazishini ndipo wanapoishindwa, kama tulivyoishindwa sisi. Mahubiri ya mshahara wa dhambi ni teolojia ya utukufu: yanajua tayari Mungu amefanya nini na kwa nini. Wasifu wenye maneno laini nao ni teolojia ya utukufu kwa njia nyingine, kwa kuwa unafunika kidonda ili ibada ipendeze.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther huyohuyo alibaki mjini, na katika waraka wake kuhusu kuikimbia tauni aliandika kuhusu wajibu. Wachungaji wasiwakimbie watu wao. Dawa zitumike, na mtu asiwe mzembe akawaambukiza wengine. Na watoto waliofiwa, walezi na rafiki wa karibu wakae nao, au wahakikishe yupo wa kuwatunza. Hakuandika juu ya tauni bila kufika kwa yatima.

Tuseme kwa haki kwamba Kanisa letu nalo lilifika kwao, kwa mikono kabla ya midomo. HUYAWA, huduma ya watoto ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, ilianza mwaka 1989. Kule Nshamba yatima wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, na mradi wa Kwa Wazee ukawapa bibi posho ya kila mwezi, kwa kutambua kwamba anayemtunza mtoto naye anahitaji kutunzwa. Diakonia yetu ilijifunza kumwona mtoto. Lakini mimbari haikwenda shule pamoja na diakonia. Siku za kazi tuliwapa watoto daftari na sare. Siku ya mazishi tuliwataja kwa idadi.

Wasifu mwingine

Hatupendekezi mchungaji atangaze ugonjwa wa marehemu. Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na upendo unailinda zaidi. Siri ni mali ya mwenye nayo na ya wale aliowaachia. Tunachopinga ni ukimya unaomwacha mtoto bila baba mara mbili: kwanza kwa kifo, kisha kwa kukosa habari zake.

Kwa hiyo, chuoni kwetu sasa tunawapa wanafunzi zoezi la kuandika wasifu wa marehemu, na tunausahihisha kwa uzito uleule wa mahubiri. Tunawataka wakae na familia usiku ule kabla karatasi haijaandikwa. Waulize marehemu aliwafanyia nini watoto wake, tendo moja au mawili ambayo mtoto anaweza kuyabeba. Watoto watajwe kwa majina, mlezi akiridhia. Atajwe atakayewalea, na wazee wa kanisa wasimame kuahidi, kama tunavyoahidi katika ubatizo, maana watoto hao tuliwabatiza sisi. Na mchungaji asiondoke kabla jambo la kibanja halijasemwa mbele ya ukoo.

Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba wasifu wa namna hiyo ni mrefu mno, na watu watachoka juani. Ni kweli, ni mrefu. Ule wa zamani ulisomwa kwa dakika 3. Yule kijana alingoja miaka 10 kusikia sentensi iliyokosekana ndani yake, na aliyemwambia hatimaye ni bibi yake, si sisi.